Dakika Saba za Dirisha la Tatu

Mimi nina hasira za karibu. Nianze na hilo, maana bila hasira zangu mama mmoja wa Busia angekuwa bado ameketi kwenye kiti chake, na mimi ningekuwa na jambo jingine la kusimulia.

Nilikuwa katika mwaka wangu wa pili Tororo, mtunzaji wa kanzidata ya chama kimoja cha wachuuzi wa mazao. Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Mchuuzi anayevusha mzigo mpaka wa Uganda na Kenya, awe na kuku, nyanya au mihogo mikavu, huandikwa kwanza kwenye ofisi zetu, hupewa cheti chenye namba, ndipo anakwenda getini. Seva zetu zilikuwa tatu: moja Tororo, ya pili Malaba, ya tatu Busia. Kila kinachoandikwa kiliingia kupitia ile ya Tororo, kikanakiliwa kwenye zile mbili, na hakikuhesabiwa kuwa kimeandikwa mpaka zote tatu zikiri zimekipata. Tulipanga hivyo ili moja ikiungua, daftari lote liwe salama kwingine.

Chumba cha seva kilikuwa na mlango wa chuma, kiyoyozi kinachonguruma, kiti kimoja, na mimi. Wageni wakija ofisini walipelekwa ghorofa ya juu kwa meneja. Mimi nilijulikana kama "yule wa mitambo", na kuna siku niligundua, saa tisa alasiri, kwamba tangu asubuhi sijafungua mdomo ila kupiga chafya. Zile seva zilikuwa zikijibizana mchana kutwa, umepata, nimepata, umepata, nimepata. Mimi nazitazama tu. Jamani, usinicheke, nilizionea wivu.

Nyumbani hakukuwa na nafuu. Nilipanga chumba upande ule unaoutazama mwamba wa Tororo, na majirani zangu jioni hukaa kuzunguka chungu cha malwa, pombe ya ulezi, kila mtu na mrija wake mrefu, wanapiga soga mpaka wanachoka. Walinikaribisha nilipohamia. Nikasema nina kazi. Wakanikaribisha tena, nikasema tumbo linanisumbua. Mara ya tatu hawakunikaribisha, na mimi mwenyewe ndiye niliyenuna. Mama yangu mzazi yuko Voi. Tulikosana kwenye simu kwa sababu ya mazishi ya mjomba, niliyoyakosa kwa ajili ya kazi hii hii, na tangu hapo kila mmoja alikuwa akisubiri mwenzake ndiye apige. Miezi ikapita hivyo.

Basi, mwezi wa nne, uandishi ukaanza kusuasua.

Nasema uandishi, maana kusoma hakukuwa na tatizo lolote. Ukitafuta cheti cha juzi, kufumba na kufumbua kimeletwa. Lakini kuandika kipya! Mhudumu anabonyeza, kile kiduara kwenye kioo kinazunguka, kinazunguka, anangoja dakika mbili, tatu, mara nyingine tano. Pale Malaba foleni ilitoka nje ya mlango ikafika kwa wauza chapati. Watu wa Kisoko na Mwello, walioamka alfajiri kufunga nyanya kwenye matenga, walisimama nazo juani mpaka zikaanza kutoa maji. Walipiga kelele, na walikuwa na haki ya kupiga kelele.

Meneja alikuwa ghorofa ya juu yangu, ngazi kumi na nne, nilizihesabu. Hakushuka. Alinipigia simu.

"Hiyo mitambo yako inatuaibisha," akasema. "Mpaka Ijumaa nataka sababu, kwa maandishi. Nisipoipata, kuna mtu ataondoka."

Kuna mtu ataondoka. Hakutaja ni nani, lakini katika kile chumba mtu alikuwa mmoja tu. Nikaweka simu chini, mori umenipanda mpaka masikio yanawaka moto. Mitambo yangu! Miaka miwili naitunza kama mtoto mchanga, hakuna hata siku moja aliyeniambia ahsante, leo ndiyo imekuwa yangu.

Jumatatu nilianza na diski. Ukiambiwa kuandika kunachelewa, jambo la kwanza ni kuuliza kama kalamu yenyewe ni nzito. Nilipima seva ya Tororo, diski ilikuwa nyepesi, nusu ya siku haina hata kazi. Jumanne nikashuku njia ya Malaba, kwa sababu kama nilivyosema, andiko halikamiliki mpaka seva zote tatu zikiri, na anayekawia kukiri huwakawiza wote. Nikakaa na saa mkononi kupima jibu la kila moja. Malaba ilijibu upesi. Busia ilijibu upesi zaidi. Nikabaki nimekodoa macho. Kalamu nyepesi, njia nyeupe, na bado andiko linachukua dakika tano.

Jumatano ndipo nilipofanya nilichopaswa kufanya Jumatatu. Niliacha kuuliza kwa nini kuandika ni kuzito, nikauliza: hawa wanaongoja, wanamngoja nani? Kanzidata ina orodha ya jambo hilo, ukijua pa kutazama. Nikaifungua saa nne asubuhi, foleni zikiwa zimepamba moto. Waandishi kumi na mmoja walikuwa wamesimama, Malaba, Tororo, Busia, na wote kumi na mmoja walikuwa wakingoja safu moja ndogo, ile inayoweka namba ya cheti kinachofuata. Kila mwandishi lazima aishike safu hiyo, achukue namba, aiongeze moja, aiachie. Ni kazi ya kupepesa jicho. Lakini mmoja alikuwa ameishika na hajaiachia. Alikuwa ameifungia kwa ndani, na mbele ya jina lake mashine imeandika kwamba hafanyi lolote. Amefungua muamala, yaani kazi ya kuandika cheti kimoja, kisha amelala ndani yake.

Alitoka Busia, dirisha la tatu.

Nikaendelea kutazama. Dakika saba akaachia, na wote kumi na mmoja wakapita kwa pamoja kama ng'ombe waliofunguliwa zizi. Kisha dirisha la tatu likashika tena. Dakika nne. Likaachia, likashika. Dakika kumi na moja! Nikarudi nyuma kwenye kumbukumbu za wiki tatu, nikakuta ni yeye, ni yeye, ni yeye. Kulikuwa na siku moja tu uandishi uliporuka kama zamani, na siku hiyo dirisha la tatu halikufunguliwa kabisa.

Sasa mtu mwenye akili zake angefanya nini? Angepanda gari, ni safari fupi, aende Busia akaone kwa macho. Mimi nilikaa palepale nikaandika taarifa. Niliiandika kwa hasira, na sitasahau utamu wake. Nikaandika kwamba seva ziko salama, diski ziko salama, njia ziko salama, na kwamba chanzo ni mhudumu wa dirisha la tatu, Busia, ambaye hufungua fomu na kuiacha wazi bila kufanya kazi, wastani wa dakika saba, huku mpaka mzima ukimngoja. Maneno "bila kufanya kazi" niliyapigia mstari. Nikaituma juu, nikaegemea kiti. Kama kuna mtu ataondoka, basi si mimi.

Alhamisi asubuhi ndiyo nikaenda Busia, kuthibitisha nilichokwisha kukiandika.

Sikujitambulisha. Nilisimama kwenye foleni ya dirisha la tatu kama mchuuzi yeyote. Mhudumu alikuwa mama wa makamo, Msamia, ana miwani iliyofungwa kwa uzi na kitambaa cha kichwa cha rangi ya machungwa. Mbele yangu alikuwa bibi mmoja wa Buteba aliyebeba kuku wanne kwenye kikapu. Nikamwona mama anabonyeza "Fomu mpya". Namba ikatokea kwenye kioo. Akakigeuza kioo kile ili bibi naye aione.

"Hii namba yako. Hakuna mtu nakuruka sasa," akamwambia kwa Kiswahili chao cha mpakani. Kisha akaondoa mikono kwenye kibodi, akaikunja juu ya meza. "Mulembe, mama. Habari ya nyumbani?"

Na salamu ikaanza. Nyumbani, shamba, mvua, yule mjukuu aliyekuwa na surua, amepona? Goti, bado nauma? Bibi naye akauliza yake, kimoja kimoja. Wakicheka, wakisikitika, wakiguna. Kidole hakikugusa kibodi hata mara moja. Nikatazama saa yangu: dakika sita na nusu. Ndipo akaandika jina, mzigo, akahifadhi, cheti kikatoka.

Nyie! Nilitamani kucheka na kupiga kelele kwa wakati mmoja. Wiki nzima nimepekua diski na nyaya, kumbe kinachoisimamisha Malaba ni goti la bibi wa Buteba.

Zamu yangu ikafika. Akabonyeza, akanigeuzia kioo nione namba. Nilikuwa nimejiandaa kumsema, ulimi umekaa tayari.

"Mulembe, baba," akasema. "Wewe sijawahi kuona. Nyumbani ni wapi?"

"Voi," nikasema.

"Ai, mbali hivyo! Na huku unakaa na nani?"

"Sikai na mtu."

"Hata mtu moja?"

"Hata mmoja, mama."

Hakusema pole. Alinitazama tu, mikono imekunjwa, kama mtu ambaye hana pengine pa kwenda siku hiyo. Akauliza, "Mama yako iko?" Nikasema yuko. "Naendelea aje?" Hapo ndipo nilipokwama. Sikujua. Sikujua mama yangu anaendeleaje. Nikaangalia dari, mtu mzima mimi, na foleni nyuma yangu. Nikajikuta namweleza habari za mjomba, mazishi, simu niliyokatiwa, au niliyokata mimi, hata sikumbuki tena. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Wewe ndiyo mtoto. Mtoto ndiyo napiga simu. Piga leo." Akavuta kibodi. "Haya, unabeba nini?"

Nikamwambia sibebi kitu, mimi ni wa mitambo, kutoka Tororo. Akacheka akapiga makofi. "Wa mitambo! Na umepanga foleni kama sisi!"

Nikamuuliza kwa nini anafungua fomu kwanza halafu ndiyo anasalimia. Kwa nini asisalimie kwanza? Nilimuuliza kwa upole, na upole ule ulinishangaza mwenyewe.

"Zamani nilikuwa nasalimia mbele," akasema. "Lakini tukiwa tunasalimiana, mwanamume mwingine naruka, naweka karatasi yake. Sasa ile namba nakuja mwanzo, ni nzuri sana. Nampatia mtu namba yake, roho yake natulia, tunasalimiana. Jina ndiyo naandika mwisho. Mtu hawezi kuandikwa mbele ya kusalimiwa, baba. Si ng'ombe."

Ile namba inakuja mwanzo. Zamani namba ilitoka mwisho, wakati wa kuhifadhi, ikishikwa na kuachiwa papo hapo. Wiki nne nyuma kulikuja malalamiko kutoka Busia kwamba watu wanarukwa kwenye foleni, na meneja akataka namba ionekane mapema. Aliyehamisha ile mistari minane ya programu, akaitoa chini akaipandisha juu, ni mimi. Niliona ni kazi ya nusu saa. Sikufikiria kwamba kati ya mwanzo na mwisho kuna binadamu wawili wanaoweza kuwa na la kuzungumza. Nyani haoni kundule, na mimi nililipigia mstari la mwenzangu.

Nilirudi Tororo mbio. Dawa yenyewe ilikuwa ndogo, ndilo linaloniuma mpaka leo. Niliweka namba mbili: ya foleni, inayotokea mwanzo na haifungi chochote, na ya cheti, inayochukuliwa mwisho kabisa, kidole kikiwa kwenye "Hifadhi". Nikaijaribu jioni ofisi zilipofunga. Ijumaa asubuhi nikaiwasha, nikaifungua ile orodha ya wanaongoja. Tupu. Pale Busia, dirisha la tatu lilikuwa na fomu iliyofunguliwa kwa dakika nane, na hakuna aliyeijali. Mama alikuwa akisalimia, Malaba ikiandika, Tororo ikiandika, na hakuna anayemzuia mwenzake. Nilicheka peke yangu kwenye chumba kile mpaka machozi yakanitoka. Nikampigia mama yangu. Akapokea, akasema "Enhe," kama mtu aliyekuwa ameshika simu miezi yote hiyo.

Kisha nikaandika taarifa ya pili. Nikaandika kwamba kosa ni langu, ile mistari minane ni yangu, mhudumu hana hatia. Nilipoituma haikutosha moyoni, nikapanda zile ngazi kumi na nne.

Meneja alikuwa anakunywa chai. Akaniambia amefurahi, foleni zimeisha, kazi nzuri.

"Na yule mama wa dirisha la tatu?" nikauliza.

"Tayari. Nilimwita jana jioni. Leo ndiyo siku yake ya mwisho."

"Lakini taarifa ya pili inasema—"

"Nimeiona. Sasa nimrudishe nikisema nini? Na wewe mwenyewe ndiye uliyeandika hafanyi kazi, tena umepiga mstari." Akaweka kikombe chini, akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Mzee, nimekuokoa wewe."

Maji yakimwagika hayazoleki. Najua wapo watakaosema ningeacha kazi siku ile. Sikuacha. Nilishuka ngazi, nikakaa kwenye kiti changu kimoja, na ule uandishi ukaendelea kuruka.

Nilifikiria kumtafuta. Wiki ya kwanza nikasema nitakwenda, ya pili nikasema atanifukuza, na baada ya hapo nikaacha kusema. Nilikuwa na aibu, na aibu ikikaa huzoeleka kama kelele ya kiyoyozi. Jioni moja nilipita karibu na chungu cha majirani makusudi, polepole, lakini mirija yote ilikuwa na wenyewe.

Ilikuwa mwezi wa kumi nilipotumwa Busia kubadilisha betri za seva. Nilipomaliza nikapita ukumbini. Dirisha la tatu lina dada mwingine sasa, mwepesi, mstaarabu, hainui macho. "Jina. Mzigo. Anayefuata." Na mbele yake, amesimama na gunia la karanga miguuni, alikuwa mama yule. Miwani na uzi wake, kitambaa kilekile. Amekuwa mchuuzi. Akafungua kinywa kusalimia, na cheti kikawa kimeshatoka. Akakichukua, akakitazama mbele na nyuma, akasogea pembeni.

Nilitaka kukimbia, nasema ukweli. Akaniona kabla.

"Wa mitambo!" akaita. "Mulembe, baba."

"Mama," nikasema. "Mama, ni mimi. Ile karatasi—"

"Najua. Meneja alinisomea yote." Hakuwa na hasira, na ningeshukuru kama angekuwa nayo. Alikikunja kile cheti, akakichomeka ndani ya kitambaa. "Ile siku ulikuja, nikafurahi. Nikasema, huyu mtoto amepanga foleni. Kumbe ulikuwa umeniandika jana yake." Akatikisa kichwa. "Uliniandika mbele ya kunisalimia, baba. Ni hiyo tu."

Niliinama nikashika gunia upande mmoja, yeye akashika wa pili, tukatoka nalo nje kuelekea getini. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani. Tulipofika kwenye kivuli cha ukuta akaniambia tulishushe kidogo, apumue. Akajifuta uso, akakunja mikono, akanitazama kama alivyonitazama siku ile kutoka upande wa pili wa kioo.

"Haya," akasema. "Mama yako naendelea aje?"